Joto Linakwenda Wapi

…na watoto wake wote tisa walilala chumba kimoja, feni moja, tena feni yenyewe ikigeuza shingo kwa kunung'unika, aliyefikiwa na upepo anashukuru, aliyekosa anasubiri urudi, Eduvigis anawaza, mkono kwenye shina la mti wake wa matarratón uani, na nyuma yake fundi Olmedo ameshika msumeno, anangoja neno la mwenye nyumba, "Mama, akate asikate?" binti yake Yadira anauliza dirishani, kiyoyozi ni cha tatu, boksi lake la nje halina pa kukaa ila hapa uani, mti ulipo… akate, ndiyo, mjukuu katoka vipele vya joto shingo nzima, nani amnyime, ingawa zamani mtoto mwenye vipele alilazwa juu ya majani ya mti huu, mwili ukapoa, wote walipitia majani haya, na mtaa ukamsema, Eduvigis anazaa kama panya, atamaliza maji ya mto Magdalena peke yake, naye akaamini, miaka yote akaamini yeye ndiye mharibifu, "Mimi nimezaa mmoja tu, Mama, nani atanilaumu," Yadira husema, na ni kweli, mmoja, na viyoyozi vitatu, na friji mbili, na gari… basi imekuwaje wale tisa wakala umeme kidogo kuliko huyu mmoja, hilo linamtekenya, "Fundi, hivi joto la chumbani likitolewa linakwenda wapi?" "Haliendi mbali, bibi, linatupwa nje tu," Olmedo anacheka, "ndiyo kazi yangu, kuhamisha joto," kuhamisha… kumbe ndiyo maana kichochoro kimekuwa tanuri tangu mtaa uanze kushika vijisenti, kila nyumba inamtupia mwenzake, na mwenzake naye ananunua chake, wala si dhambi kupata, yeye mwenyewe ameulalia ubaridi ule na akausifu… lakini boksi litatazama wapi, anapima kwa jicho, shina, ukuta, na juu ya ukuta dirisha la jirani yao Nubia, ambaye hata feni hana, na kichanga chake kinalia humo ndani, mti ndio ulikuwa katikati, kivuli chake huko ndiko kinakoangukia, na yeye hakuwahi kukifuata kuona kinaishia kwa nani, "Mama, fundi anangoja," naam, anangoja, msumeno mkononi, jua palepale, na ile "ndiyo" aliyoamka nayo ulimini, anaitafuta, haipo tena.