Mwakilishi wa Mtalaka Wake

Mwaka wa sita tangu waachane, dada wa aliyekuwa mume wake alimjia dukani. Mwenye duka, ambaye wateja walimwita Mama Mita kwa sababu hakumpunja mtu kitambaa wala kumwongeza, alikuwa akikunja jora la mapazia. Hakuacha kukunja.

"Wifi, nimekuja kwa shida."

"Nilijua. Kwa raha hujawahi kuja."

Wifi alilimeza hilo akakaa. Kaka yake, fundi umeme, alipigwa na kiharusi miezi kumi nyuma. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalibaki mawili matatu. Nyumba yake bado ilikuwa rehani, na tangu aanguke hakuna kilicholipwa. Benki ilikuwa imeleta barua ya tatu: milioni ishirini na mbili kwa mkupuo, au mnada. Mafao yake ya kazini yalikuwa milioni kumi na tano.

"Mimi nikienda pale nalia tu," wifi alisema. "Naye kaandika jina lako."

Alitoa karatasi ya idhini ya kumwakilisha benki. Herufi za mkono wa kushoto zilikuwa zimelegea, lakini zilisomeka. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa wale wawili walibishana karibu kila jambo, na kila mara mke ndiye aliyeshinda. Pengine ndiyo maana. Mama Mita aliuliza kama mwanasheria ameigonga muhuri hiyo idhini. Bado.

"Basi tuanzie hapo."

Ofisa wa mikopo alikuwa mwanamume mpole wa miwani, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi zilizokwisha kunyooka.

"Wewe ni nani wake?"

"Nilikuwa mke wake."

"Na sasa?"

"Sasa ni mwakilishi wake. Imeandikwa hapo."

Mama Mita alitaja milioni kumi na mbili za kumaliza deni. Ofisa akatabasamu, akasema riba na adhabu ziko kwenye mfumo, na mfumo haukubali. Mama Mita akaomba taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza. Akaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi kulikuwa na kikao. Jumatatu mashine ya kuchapa ilikuwa mbovu. Danadana hizo ziliendelea wiki mbili. Kila alipokuja alikaa kwenye kiti kilichotazamana na mlango wa kioo wa ofisa, akafuma sweta. Sweta lilipofika kwapani, alipewa taarifa yake.

Aliisoma nyumbani, rula chini ya kila mstari, kama alivyosoma ankara za wauzaji wa jumla. Kila mwezi, kwa miaka tisa, kulikuwa na makato madogo yaliyoandikwa "bima ya mkopo". Aliomba mkataba wa bima hiyo. Ilikuwa ya kifo na ulemavu wa kudumu: mkopaji akipatwa na kimojawapo, benki inadai, bima inalipa deni lote. Akampigia wifi. Ndiyo, barua ya hospitali aliipeleka benki yeye mwenyewe, na nakala yenye muhuri wa mapokezi anayo.

Alirudi kwa ofisa na karatasi hizo mbili.

"Muda wa kudai ni siku tisini," ofisa alisema baada ya kusoma. "Umepita."

"Barua ya hospitali mliipokea siku ya arobaini. Muhuri wenu huo. Nani alipaswa kudai?"

Ofisa akanyoosha karatasi, akatoka, akarudi na mkuu wake, mwanamke wa suti ya kijivu. Mkuu alisoma akiwa amesimama.

"Ukishtaki, unaweza kushinda," alisema bila ukali. "Itachukua miaka miwili, labda mitatu. Mgonjwa wako atakaa nayo kichwani muda wote huo. Au tumalize leo kwa milioni tisa."

Mama Mita alijua kuwa kwa haki hawakupaswa kulipa hata senti. Alijua pia kuwa nyumba si yake, wala kichwa si chake. Akaomba kupiga simu. Wifi aliiweka sikioni mwa kaka yake, naye akaelezwa njia zote mbili, polepole, bila kushauriwa.

"Ma-li-za," fundi alisema.

Walimaliza kwa saba: adhabu zote zifutwe, barua ya mnada iondolewe, hati itolewe ndani ya siku kumi na nne. Mama Mita hakunyanyuka mpaka yote yalipoandikwa na kusainiwa. Nje, barabarani, alikuwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumpa.

Hati ilitoka siku ya kumi na mbili. Aliipeleka mwenyewe. Sebule ilinuka dawa ya kuchua. Fundi aliiweka mapajani, akaifunika kwa mkono wa kushoto.

"Ulistahili kuachiwa bure," Mama Mita alimwambia. "Milioni saba zimekwenda hivi hivi."

Fundi akatikisa kichwa. Alilitafuta neno kwa muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia.

"Na-la-la," alisema. "Sasa nalala."

Hawakurudiana, ingawa majirani walishapanga kila kitu. Fedha zilizobaki zilimlipa mtaalamu wa mazoezi ya viungo na kuweka vishikio bafuni. Kufikia mwisho wa mwaka fundi alikuwa akitembea kwa mkongojo hadi getini na kurudi, akihesabu hatua kwa sauti, akikosea saba na nane.