Vipimo Viwili Mezani kwa Mujiono

Macho ya Mujiono hayakuona tena manjano sawasawa, na kazi yake ilikuwa kuona rangi.

Kwa miaka ishirini na tisa yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa rangi katika kiwanda cha kuchapa maboksi huko Sidoarjo. Alichanganya wino kwa mkono wake. Alilinganisha karatasi ya kwanza na sampuli iliyotiwa saini na mteja, na mpaka aseme "sawa," mashine haikukimbia. Wote walimwita Cak, yaani kaka mkubwa. Sasa mtoto wa jicho alikuwa anamla polepole, naye hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mwanzoni mwa Ramadhani tajiri wake, Swie, aliyeitwa Koh, yaani kaka kwa Kichina, alimwita ofisini. Mezani palikuwa na vifaa viwili alivyoviacha muuzaji vijaribiwe.

"Cak, chagua kimoja. Wateja siku hizi hawataki jicho, wanataka namba."

"Jicho langu limekukosea nini, Koh?"

"Halijanikosea. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Yule muuzaji angeniuzia hata mama yake."

Kidogo kilipima unene wa wino tu, kama ni mwingi au mchache. Kikubwa kilipima rangi yenyewe, kikatoa namba ya tofauti kati ya sampuli na kilichochapwa. Wateja walikubali tofauti isiyozidi mbili.

Adhuhuri, wenzake wamejilaza na swaumu zao kwenye sakafu ya chumba cha kuswalia, Mujiono alijifungia kwenye chumba cha wino na kile kikubwa. Akachukua sampuli ya boksi la maziwa na karatasi aliyoipitisha juzi. Akazitazama chini ya taa. Pacha. Akaweka kifaa juu ya moja, kisha juu ya nyingine.

Sita.

Akafuta kioo cha kifaa kwa pindo la shati, akapima tena. Sita na nukta moja. Akakaa juu ya pipa la wino. Ni kazi ngapi nyingine amezipitisha hivi? Na kitu hiki kikikaa hapa kitamsema kila asubuhi, mbele ya watu aliowafundisha mwenyewe.

Alasiri alikirudisha.

"Kidogo kinatosha, Koh. Hiki kingine ni cha maabara, vumbi letu litakiua kabla ya Idi."

"Una hakika?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Hujawahi," alisema Koh Swie, akatia saini hati ya kununua kile kidogo.

Wiki ya pili ikaja kazi ya maboksi ya biskuti za Idi, kijani cha jani changa la mgomba. Vifuniko vilikuwa vimechapwa mapema kwa wino uliobaki mwaka jana. Maboksi yenyewe yalihitaji wino mpya. Mujiono alichanganya, akaujaribu kwa kidole kwenye karatasi, akaongeza manjano, akasita, akaacha. 

Karatasi ya kwanza ilipotoka, Endang, mwendesha mashine aliyemfundisha tangu akiwa hajui hata kufunga roli za mashine, aliiinua kwenye mwanga.

"Cak, mbona kama imevutwa kwenye bluu?"

"Wewe njaa ndiyo imekuvuta. Nenda ukalale."

"Mimi sijasema kitu kibaya, Cak. Nimeuliza tu."

Mujiono akaweka kile kifaa kidogo. Unene ulikuwa sahihi kabisa. Akamwonyesha namba.

"Haya, bishana na mashine."

Endang akaitazama namba, akamtazama yeye. Kwa desturi ya kule, mdogo akishamwambia mkubwa mara moja, hamwambii mara ya pili. Akabonyeza kitufe.

Siku mbili mashine ilinguruma, na siku mbili Mujiono hakukaa. Alichomoa karatasi, akaipeleka mlangoni kwenye jua, akairudisha, akachomoa nyingine. Zote aliziona sawa, na hilo ndilo lililomtisha. Magharibi walipomkabidhi bakuli la kolak, ndizi za tui za kufuturia, aliliweka kando akachomoa karatasi nyingine.

Siku ya tatu mteja, Bu Ratmi, alifika kuchukua mzigo. Akavika kifuniko juu ya boksi. Akakivua. Akavika kingine.

"Koh Swie," alisema taratibu, "hiki ni kijani cha Idi. Na hiki chini ni cha nini, mlango wa hospitali?"

Koh Swie hakupiga kelele. Alimpigia simu muuzaji, kile kifaa kikubwa kikaletwa na pikipiki, akakipachika mkononi mwa Mujiono mbele ya wote. Mujiono akapima kifuniko, akapima boksi.

"Soma," alisema Koh Swie.

"Nane."

"Na wewe unaona nini?"

Mujiono alitazama mpaka machozi yakamtoka. "Naona kitu kimoja, Koh. Tangu mwaka jana naona hivyo."

Endang aliinamisha kichwa. Koh Swie alivuta pumzi. "Ungesema tu, Pak Mujiono," alisema, Cak imekuwa Pak, yaani bwana, kwa heshima ile wanayopewa wageni.

Maboksi elfu arobaini na mbili yalisagwa. Idi haikungoja. Bu Ratmi, mteja wao kwa miaka kumi na saba, alihamia kiwanda cha Gresik na kazi zake zote nne za kila mwaka. Mujiono alitibiwa jicho moja baada ya jingine, akarudi akiona manjano yote, akapewa kazi ya kufunga mizigo stoo. Na jina la Cak, hakuna aliyemrudishia.