Kifaa cha Tano

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya runinga, akiokota vipande vya modemu ya zamani kwenye zulia, na kila kipande kilimwambia jambo asilotaka kulijua.

"Ilianguka," mwenye nyumba alisema kutoka kwenye kochi.

Haya, ilianguka. Ila modemu ikianguka mezani huvunjika pembe tu. Hairuki mita tatu ikamegua plasta ya ukuta wa pili, tena kimo cha kichwa cha mtu mfupi. Chini ya pale plasta ilipomeguka kulikuwa na mchirizi wa kahawia uliofutwa harakaharaka. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini fundi alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuingia nyumba za watu, na alikuwa amejizoeza kutazama waya peke yake.

Akavuta kebo kutoka kwenye tundu la ukutani, akakata ncha iliyopinda, akaivisha kichwa kipya na kukikaza kwa spana nyuma ya modemu mpya. Akachomeka umeme. Taa zikaanza kupepesa, moja, mbili. Akaunganisha ruta kwa waya mfupi, akafungua kompyuta yake hapohapo sakafuni.

Mke akaleta maji. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya gauni ameivuta hadi vidoleni, jicho la kushoto limevimba. Aliinama kuweka glasi, akauliza bila kuinua uso, "Neno la siri litabadilika, fundi?"

"Wala, shemeji. Naweka jina lilelile na neno lilelile la zamani. Simu zenu zitaingia zenyewe, hamtahangaika."

Alilisema kwa majivuno kidogo, maana hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini. Mafundi wengine huiacha familia nzima inaandika herufi kumi na sita na kuzikosea. Mwanamke akashusha pumzi, na fundi akadhani ni shukrani.

Sasa, fundi huyu alikuwa na desturi nyingine. Kabla mteja hajatia sahihi, lazima amsomee kwa sauti orodha ya vifaa vilivyojiunga, kama mwalimu anayeita majina darasani, ili mteja ajue hakuna jirani anayedoea. Wateja waliipenda sana. Basi taa ya nne ilipokuwa kijani, akakohoa akaanza.

"Runinga, hii hapa. Simu yako, bosi. Simu ya shemeji. Tableti ya mtoto, nadhani yuko nayo chumbani. Na simu nyingine ndogo. Jumla vitano. Kompyuta yangu iko kwenye waya, haihesabiwi."

"Simu ipi nyingine?"

Mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na fundi aliona vidole vyake vikizama ndani ya mikono ya gauni. Mdomo huponza kichwa, ila safari hii mdomo ulikuwa wake na kichwa kilikuwa cha mwenzake.

Mwenye nyumba hakuuliza mara ya pili. Alivuka sebule kwa hatua tatu, akamkamata mkewe nywele za kisogoni, akamgonga uso kwenye fremu ya mlango. Mlio ulikuwa mdogo tu, kama wa kabati kufungwa. Akamgonga tena.

"Iko wapi? Unaongea na nani humu ndani mwangu?"

"Ni yangu," fundi akasema.

Hata yeye alishtuka kuisikia sauti yake. "Ni simu yangu, bosi. Niliiingiza kujaribu mtandao, nikapitiwa."

Mwenye nyumba akaziachia nywele. Alikuwa mtu mwerevu, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alikuja akasimama nyuma ya fundi, pumzi zake zikimpiga shingoni.

"Izime. Ikipotea hapo kwenye orodha, yako. Isipopotea, nawazika wote wawili."

Fundi akatoa simu yake kwa mkono wa kushoto, akaiinua juu ya bega. "Tazama, bosi, naizima hii." Mwanamume akageuza macho kuitazama. Ilikuwa nukta moja, na ndani ya nukta hiyo kidole cha kulia kilibonyeza neno dogo mbele ya kifaa cha tano: zuia. Macho yaliporudi kwenye kioo, vifaa vilikuwa vinne.

"Kumbe kweli. Unaingia kwangu, unajiunga kwangu, huniulizi."

Akampokonya simu, akaiweka sakafuni, akaipasua kwa nyundo ya fundi mwenyewe. Kisha akamgeukia mwenye simu. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili mdomoni. Fundi aliilalia kompyuta yake, akahisi jino likielea juu ya ulimi. Aliogopa, aliogopa kama mtoto. Na bado kila teke lililotua mgongoni mwake lilimpa nafuu fulani, kwa sababu halikutua kule mlangoni.

Mwenye nyumba alipochoka, aliona damu kwenye shati lake, akatukana, akaenda kuosha. Maji yakasikika bafuni.

Mke akapiga magoti na kitambaa. Pua yake ilikuwa inavuja, lakini alimfuta fundi kwanza.

"Umeifungia?" akanong'ona.

"Nimeifungia. Si ameamini?"

"Haina laini, fundi. Inatumia waifai tu. Dada yangu anakuja na gari barabara ya nyuma, atanipigia humo akifika. Saa kumi." Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi. "Nikitoka kabla hajafika, mume wangu atanikamata njiani. Ameshanikamata mara mbili."

Fundi akanyoosha kidole kwenye kompyuta. Maji yakanyamaza.

"Wewe bado upo?"

Alitolewa nje kwa kuburutwa kola, kompyuta na mkoba vikarushwa nyuma yake, geti likabamizwa.

Mtu mwenye akili zake angeenda hospitali. Fundi alizunguka ukuta wa nyumba akiwa amejishika mbavu, hadi upande wa sebule, akaketi mchangani. Akafungua kompyuta. Kioo kilikuwa na ufa, lakini kiliwaka. Akaandika neno la siri, yeye aliyelijua kwa kichwa, akaingia kwenye ruta. Mbele ya kifaa alichokifungia akabonyeza neno jingine: Ruhusu.

Kifaa cha tano kikarudi, na vijiti vyake vitano vya nguvu ya mtandao. Zikapita dakika saba. Ndani, runinga ilifunguliwa kwa sauti kubwa, mpira, watu wanashangilia.

Kazi yake alikuwa anaijua. Simu ikipondwa au kuzimwa, hukatika kwenye orodha papo hapo. Simu inayotembea kwenda mbali hupungua vijiti kidogokidogo.

Vijiti vinne. Akafuta damu iliyodondokea kwenye kioo. Vitatu. Halafu mstari wa tableti, uliokuwa umetulia muda wote, nao ukashuka: vinne, vitatu. Fundi akasogeza uso karibu na kioo. Simu ya bosi ilikuwa bado na vitano.

Viwili na viwili. Kimoja na kimoja.

Kule ndani mtu akapunguza sauti ya runinga.