Wenye Alama ya Dharura

Mtambo wetu wa simu ulikuwa na akili kuliko halmashauri nzima ya ushirika. Nasema hivyo kwa sababu mtambo niliutunza kwa mikono yangu, na halmashauri niliiandalia kahawa. Mtambo ukiugua hukwambia unaumwa wapi. Huandika kwenye skrini kadi gani imeharibika na iko rafu gani, nami naichomoa, napachika nzima, kazi inaendelea. Orville Skogstad, mwenyekiti wetu, alikuwa ameharibika tangu nimjue, na hakuna aliyewahi kuonyeshwa rafu yake.

Mimi ni Renae Bjerke, fundi wa ushirika wa simu wa Vangen, Dakota Kaskazini. Kama umewahi kupiga simu kutoka Vangen, umepita mikononi mwangu, na hukushukuru.

Ili uelewe upuuzi wa watu hawa, lazima ujue jambo moja. Mtambo hauwezi kumpa mlio, ule unaousikia kabla ya kubonyeza namba, kila mtu kwa wakati mmoja. Ukinyanyua simu, unakupa kipokezi kimoja kisikilize namba unazobonyeza, na ukimaliza kinakwenda kwa mwingine. Siku za kawaida vinatosha na kubaki. Siku ya tufani ya theluji, kila mwenye simu anainyanyua ili amuulize jirani kama naye ameiona theluji, kana kwamba jirani anaishi Florida. Kwa ajili ya siku kama hiyo, waliounda mtambo waliweka alama ya dharura. Laini yenye alama inahudumiwa kwanza, zisizo nayo zinangoja. Ni alama ya zahanati, ya sherifu, ya wazimamoto, na ya wagonjwa kama Bi Ottilie Odegaard, aliyekuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme.

Orville aliposikia kwamba kuna kitu wengine wanacho na yeye hana, hakulala. "Mimi ni mwenyekiti," akasema. "Siku ya shida watu watanitafuta." Sijawahi kuona mtu akimtafuta Orville, siku ya shida wala siku ya raha, lakini meneja wetu, Duane Feist, alikuja kwangu ananyata kama mwizi wa kuku.

"Mtie alama, Renae. Kimyakimya."

"Duane, anaumwa nini?"

"Usianze. Tia tu."

Baada ya Orville akaja mweka hazina. Mweka hazina alikuwa na shemeji. Mke wa mchungaji akasikia. Lavonne wa saluni akasikia, maana saluni ndiko mambo yote husikika. Mama mkwe wa Orville akapata, na klabu ya bolingi ikapata, na wale wazee wa karata pale nyuma ya duka la mbegu wakapata pia. Nilimwambia Duane kwamba wote wakiwa wa kwanza hakuna wa kwanza. Akaniambia mimi kila siku nina makubwa. Nilipoanza kukataa, akawa anatia mwenyewe, maana katika kompyuta nzima hilo ndilo alilojifunza haraka. Wanachama wa kawaida, wakulima waliojenga ushirika huo, hawakujua lolote. Duane alisema mambo ya alama ni ya ndani.

Bi Odegaard naye nisimfanye malaika kwa sababu ni mgonjwa. Alikuwa na mdomo mkali, na mtambo wangu aliudharau waziwazi. Ndiye aliyekuwa opereta wa mwisho wa Vangen, enzi za ubao wa nyaya, alipokuwa akiunganisha watu kwa mkono na kujua nani kagombana na nani. Kila nilipokwenda kupima laini yake alinipa kipande cha keki na matusi.

"Mashine yako haimjui mtu," alikuwa akiniambia. "Mjinga na mwerevu wote wanapewa mlio ule ule."

"Ndio usawa huo, Bi Odegaard."

"Ndio uzembe huo."

Tufani ilitushukia mwishoni mwa Februari, asubuhi. Kufika adhuhuri umeme ulikuwa umekatika upande wote wa mashariki, na barabara hazikuonekana. Mimi na Duane tulikuwa tumekwama ndani ya jengo la mtambo, lisilo na dirisha, mtambo ukiendeshwa na betri zake. Duane alikuwa anakula mkate na soseji na kusema Mungu ni mwema, hatujapoteza hata simu moja.

Skrini ilikuwa inasema mengine. Mtu wa Vangen akinyanyua simu akakuta kimya, anafanya kosa lile lile alilofanya baba yake. Anakigongagonga kitufe cha kukatia, anakata, ananyanyua tena, anakata. Hajui kwamba kila anapokata anajiondoa kwenye foleni, na akinyanyua anaanza mkiani, na huku anauongezea mtambo kazi. Mamia ya laini zilikuwa zikirukaruka hivyo mbele ya macho yangu. Nikawasha udhibiti, kwamba sasa wahudumiwe wenye alama tu.

Hakikubadilika kitu. Theluthi moja ya mji ilikuwa na alama. Mji mzima wa wakubwa, wote wanagongagonga.

Katikati ya vurugu hiyo niliona laini moja imetulia. Ilikuwa imenyanyuliwa, inangoja, haikati. Nilijua ni nani kabla sijaisoma namba, kwa sababu ni mtu mmoja tu Vangen aliyejua kwamba simu ikiwa kimya unakaa nayo sikioni mpaka zamu yako ifike. Nikajiunga naye kwa simu yangu ya kupimia.

"Bi Odegaard, ni Renae."

"Umechelewa." Akavuta pumzi, nikaisikia ikikwama njiani. "Mashine imezimika. Nimefungua mtungi wa akiba, na mshale wake unagusa nyekundu."

"Umewapigia wazimamoto?"

"Kwa kitu gani, kwa filimbi? Sina mlio. Nina alama yako na sina mlio."

Simu ya kupimia inaingia kwenye laini ya mtu na kuongea naye, basi. Kuwaita wazimamoto kulihitaji mlio kama wa mtu yeyote. Ofisini tulikuwa na simu mbili. Nilinyanyua ya kwangu, yenye alama pia, ikawa kimya, nikaiacha ikingoja zamu. Ya pili ilikuwa sikioni kwa Duane, na Duane alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Ni Orville," akaninong'oneza. "Anasema mlio unachelewa sana. Anauliza tunafanya nini."

"Mwambie Bi Odegaard anakosa pumzi, na simu ameishika yeye."

Duane akaziba simu kwa kiganja. "Siwezi kumwambia hivyo."

Bi Odegaard alikuwa amesikia. "Nani waliojaa huko?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamtajia mwenyekiti, mweka hazina na shemeji yake, saluni, bolingi na karata. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu mpaka nikashika ukingo wa meza.

"Enzi zangu," akasema, anapumzika kila baada ya maneno mawili, "nyumba ya mtu ikishika moto, nilisema mara moja tu, 'Laini inahitajika.' Halafu nilichomoa nyaya zote. Angekuwepo mke wa gavana ningemchomoa. Kesho yake walikuja kunitukana. Niliwapa kahawa."

Pumzi iliyobaki akaihifadhi.

Nikavuta kibodi. Nikaanza na Orville Skogstad, nyumbani. Kisha Orville Skogstad, zizini, maana hata ng'ombe wake walikuwa watu wa dharura. Nikamtoa mweka hazina, nikamtoa shemeji yake, nikamtoa mke wa mchungaji kwa heshima zake zote.

Duane akaona. "Renae, hizo ni za halmashauri."

"Najua ni za nani."

"Watanifukuza kazi."

"Watakufukuza ukiwa hai, Duane. Kaa."

Akakaa. Ana uti wa mgongo wa samli, lakini angalau huyeyukia kwenye kiti chake na hakuzuii njia. Sauti ya Orville ilikuwa ikitoka kwenye simu, inataka kuongea na mimi. Nikaipokea huku nabonyeza kwa mkono mwingine.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimeiondoa alama yako, mwenyekiti. Simu uliyonayo sasa siikati, hayo mazungumzo ni yako. Ila ukikata, hupati tena mlio mpaka tufani iishe."

"Huna mamlaka hayo."

"Basi kata tuone."

Hakukata. Nilimrudishia Duane, na mabwana hao wawili wakabaki wameshikiana simu alasiri nzima, hawana la kusema, mmoja anaogopa kukata na mwingine anaogopa kukatwa. Ndio viongozi wetu hao.

Nilipofika kwenye wazee wa karata, foleni ilianza kupungua. Nilipoitoa saluni, simu ya mezani kwangu ikatoa mlio. Namba ya wazimamoto hulia nyumbani kwao wote kwa pamoja. Wa kwanza kupokea alikuwa Leland Voight, mkuu wao, anatafuna.

"Leland, Bi Odegaard hana umeme na mtungi unaisha."

"Natoka na trekta ya kusukuma theluji," akasema. "Dale ana jenereta." Hakuuliza la pili. Kumbe Vangen iliwahi kuzaa mtu.

Nikarudi kwa Bi Odegaard. "Wanakuja. Usiongee."

"Ongea wewe," akasema. "Chochote. Nimezoea kusikiliza upuuzi."

Nikamsimulia kila alama niliyoitoa na namna kila mmoja alivyokuja kuiomba. Pumzi zake zilizidi kuwa fupi. Kuna mahali sikuzisikia kabisa, nikaendelea kuongea kwa sauti kubwa zaidi, namtukana Orville kwa matusi niliyokuwa nimeyaweka miaka mingi, kwa sababu niliogopa nikinyamaza nitasikia kimya. Niliogopa sana. Duane ameniona nikilia na sijali. Kisha mlango wake ukagongwa na kubamizwa, buti zikaingia, injini ikanguruma nje, na baada ya muda nikamsikia bibi huyo, kwa sauti ndogo kama uzi: "Leland, futa viatu."

Mkutano mkuu wa ushirika ulifanyika majira ya kuchipua, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Tulikula nyama ya nguruwe, viazi vya kuponda na keki za akina mama wa kanisani. Halmashauri ilikuwa haijanifukuza, kwa kuwa kunifukuza kungehitaji sababu, na sababu ingehitaji kuelezwa mbele za watu. Orville alinipata kwenye foleni ya kahawa.

"Ile alama yangu," akasema chini chini. "Tufani imekwisha."

"Baada ya mkutano, mwenyekiti."

Kumbe alikuwa na hotuba. Alipanda jukwaani, akaeleza tufani kana kwamba sisi tulikuwa Florida. Akasema ushirika ulimwokoa mama yetu mpendwa, Bi Odegaard. Akasema wengi hawajui, lakini yeye kama mwenyekiti alikuwa na laini ya dharura, na saa ile ya giza aliitoa kwa hiari yake, ili mwingine apate kuishi. Hapo akatazama juu, kwenye mpira wa kikapu wa karatasi uliokuwa umening'inia darini kama pambo. Watu wakapiga makofi. Duane alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Bi Odegaard alikuwa amekaa mstari wa mbele, mrija puani, mtungi wake mdogo wa magurudumu kando ya kiti. Akainua mkono. Orville akampa ruhusa kwa tabasamu, kwa kuwa hakuna mwanasiasa anayekataa kushukuriwa.

"Nakushukuru, mwenyekiti," akasema. "Ila naambiwa hukuwa peke yako. Naambiwa wako wengine waliotoa laini zao za dharura kwa ajili yangu. Ningependa kuwaona. Tafadhali wasimame, tuwapigie makofi."

Sikumwelewa mara moja, na kama mimi sikumwelewa, wao je? Wa kwanza kusimama alikuwa mweka hazina, anafunga kifungo cha koti. Shemeji yake akaona atapitwa, akasimama. Mke wa mchungaji alisimama kwa unyenyekevu mkubwa. Lavonne akasimama, akiwapungia wateja wake. Wazee wa karata walisimama meza nzima, wanapigana mabega. Klabu ya bolingi ikasimama. Mama mkwe wa Orville aliinuliwa kwa kushikwa viwiko. Waliendelea kusimama, huku na huku, na kila mmoja akimwona mwenzake amesimama aliona haya kubaki ameketi, mpaka theluthi nzima ya ukumbi ikawa wima, inangoja makofi.

Makofi yakaanza, halafu yakafifia. Wakulima waliokuwa wameketi walikuwa wanageuza shingo taratibu, kutoka meza hii kwenda meza ile. Hawa ndio waliokaa na simu zilizokufa sikioni siku ile, mmoja ana mtoto mwenye homa, mwingine ana paa lililobomoka. Niliona kila mmoja anajijibu mwenyewe.

"Na huyo wa karata alikuwa na dharura gani?" akauliza mtu wa nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Waliosimama hawakujua tena wakae saa ngapi. Orville alikuwa bado jukwaani, tabasamu limemgandia usoni, na kura za mwenyekiti zilikuwa zinafuata.

"Usikate, mwenyekiti," Bi Odegaard akamwambia. "Ngoja hapo hapo, zamu yako inakuja."

Kisha akaegemea kiti, na sote tukausikia mtungi wake ukimpimia pumzi.