Siku ya Kukaguliwa Chumba

Msusi aliwaambia watu wa nyumbani kwake, akarudia, na juu yake akaapa: siku afisa wa makazi akija kukagua, asiguse mtu kitu! Jiji linajenga nyumba za bei nafuu kule ng'ambo ya reli, na watakaopewa kwanza ni wale waliobanana kupita kiasi. Basi afisa aone. Aone godoro lililosimamishwa ukutani, aone masufuria chini ya meza na viatu ndani ya masufuria, aone watoto wanavyokaa mmoja juu ya mwenzake. Chumba kijieleze chenyewe.

Lakini ukimtajia mama mkwe wake neno "mgeni", umekwisha. Yule mama hajawahi kupokea mgeni kwenye chumba kisichofagiliwa, na hakuwa na nia ya kuanzia kwa mgeni wa serikali. Msusi aliporudi mbio kutoka saluni, vidole bado vinanukia mafuta ya nywele, alidhani amekosea mlango. Lo! Kochi la jirani limekaa katikati. Pazia jipya. Zulia. Chumba kimekuwa kikubwa mpaka kina mwangwi. Mumewe alikuwa bado kazini, lakini watoto hawaonekani, mafurushi hayaonekani, na shemeji yake, mlinzi wa usiku ambaye mchana hulala kama gogo, naye hayupo.

"Mama, watu wako wapi?"

"Chini ya kitanda," mama mkwe akajibu, akiupiga mto makofi ukae sawa. "Nani atampa nyumba mtu asiyejua kutunza chumba? Vua hiyo aproni."

Msusi alitaka kulia. Hakuwahi hata kuanza, maana hodi ilishapigwa.

Afisa alikuwa binti mwenye viatu vilivyochakaa kwa kupanda ngazi za watu, kishikwambi mkononi. Alikaa kwenye kochi akashusha pumzi kwa raha. "Mnaishi wangapi humu?"

"Watatu tu," mama mkwe akasema, meno yote nje. "Na nafasi inabaki. Wakati mwingine tunapotezana."

Chini ya kitanda, shemeji akakoroma.

"Ni nini hicho?"

"Redio. Mbovu, lakini tumeizoea."

Msusi akajaribu kukonyeza. Afisa akamuuliza kama jicho linamsumbua. Sasa afanyeje? Kumkanusha mama mkwe mbele ya mgeni, thubutu! Lakini nyumba ndiyo hiyo inaondoka hivi hivi, nyumba yenye jiko lake na choo kisicho na foleni, na afisa ameshaanza kuandika kwamba familia hii haina shida. Roho ilimuuma kwelikweli.

"Basi, mimi niwaage," afisa akasema, akasimama.

Hapo msusi akakumbuka jinsi mama mkwe alivyowafunza wajukuu wake. Akapaza sauti kwa adabu zote: "Watoto, mgeni anaaga!"

Salaale! Kitanda kilitikisika. Akatoka wa kwanza, akatoka wa pili, wakafuata mapacha wamenasana kwenye kamba ya nguo, kisha kitinda mimba na sufuria kichwani. Wakajipanga mstari. "Shikamoo! Kwaheri! Karibu tena!" Shemeji akatoka mwisho, amefumba macho, akampa afisa mkono, akarudi chini kulala.

Afisa alicheka mpaka akakaa tena. Mama mkwe alikuwa akilitazama zulia. Aibu ilimshika, masikini, hata msusi akamwonea huruma.

"Haya, tuanze upya," afisa akasema, akijifuta machozi. "Bibi, wewe unalala wapi?"

"Kwa shoga yangu, mlango wa pili."

"Kwangu?" Aliyeuliza ni huyo huyo shoga, muuza mitumba, amesimama mlangoni. Alikuja kudai kochi lake, maana afisa akitoka hapa anaingia kwake. "Kwangu hujalala tangu binti yangu arudi na wanawe! Mwongo mkubwa wee!"

Kila jioni msusi alikuwa akimkunjia mama mkwe shuka na kumtakia usiku mwema mlangoni. "Mama," akasema, "unalala wapi?"

"Kule jikoni, kwenye jiko la wapangaji wote. Kuna joto, mwanangu. Napapenda." Akajaribu kucheka. "Mumeo ana mgongo mbovu, wewe unasimama kutwa nzima, hawa bado wadogo. Angetoka nani? Mimi kazi yangu mdomo tu, na huo popote unalala."

Msusi alilia bila kujificha, mbele ya afisa, mbele ya jirani, mbele ya watoto wake waliokuwa bado kwenye mstari.

"Naomba nipaone hapo jikoni," afisa akasema taratibu.

Mama mkwe akaruka akasimama mlangoni, mikono ameitanua kama golikipa.

"Huko huendi!" akasema. "Sijatandika."

Msusi akamshika mkono, akamsogeza pembeni polepole, akatangulia na afisa.