Upofu Uliolipiwa Mahari

Kwa miaka sita mama mkwe alikuwa akimwambia Nyanjige kwamba ugonjwa wa wajukuu, wa kutoona gizani, umetoka Mkula alikozaliwa Nyanjige, maana watu wa Nkololo, kwa mumewe, huona hata sisimizi usiku.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamezagaa, hivyo daktari wa macho alipofika nyumbani kwao na kufungua daftari, wengi walidhani naye anatafuta pamba. Kumbe alitaka kuchora ukoo. Akaeleza kwamba mtoto huugua akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili.

"Mzee Mayige, bibi yako mzaa baba aliitwa nani?"

"Majina ya wanawake yamenitoka," akajibu baba mkwe. "Niulize ng'ombe wa mahari yake."

Akaulizwa ng'ombe. Mzee akafunguka: fahali wawili, mitamba kumi, mmoja pembe imevunjika, wote wakaswagwa hadi Mkula kwa Bujiku, baba wa bibi huyo.

Nyanjige akakohoa. "Daktari, Bujiku huyo ni babu wa babu yangu."

Daktari akaunganisha mistari; wa mume na wa mke ikakutana kwa Bujiku. Mama mkwe akaikazia macho karatasi kama mbuzi aliyeonyeshwa redio.

"Ni kweli, mama, umetoka Mkula," Nyanjige akasema kwa adabu zote. "Ila mara ya kwanza mliufuata wenyewe, mkautolea na ng'ombe kumi na wawili."