Mtetemo wa Uzi Ulionasa

Masikio ya Shangazi yalimtupa mkono mwaka juzi, ila mikono yake bado ilishonea nguo nusu ya mtaa. Taabu ilikuwa mlango. Wateja walibonyeza kengele hadi wakachoka, wakaenda zao kwa fundi mwingine. Mwanawe akaanza kusema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba chumba kile cha kushonea kifungwe, mama apumzike. Shangazi, ambaye kupumzika hakujui hata akiugua, alimwandikia mpwa wake ujumbe wa maneno matatu: “Njoo uniokoe, mwanangu.”

Mpwa alikuwa mtengenezaji wa programu za simu, tena binti mwenye majivuno kidogo. Aliunganisha kengele na simu ya Shangazi, ili mtu akibonyeza, simu itetemeke. Nguvu ya mtetemo huwekwa kwa namba, moja hadi mia mbili hamsini na tano. Yeye aliweka ya mwisho kabisa, akaijaribu mezani kwake, na simu ikacheza mpaka ikaangusha kikombe. Akajiona amemaliza kazi.

Wapi! Shangazi aliitia simu mfukoni mwa aproni, akawasha cherehani ya umeme, na mpwa akatoka nje kubonyeza kengele. Alibonyeza mara sita. Dirishani alimwona Shangazi akishona suruali, raha mustarehe. Binamu yake, yule mwana wa Shangazi aliyetaka chumba kifungwe, alikuja kushuhudia; alikohoa tu. Kikohozi kile kilimchoma kuliko tusi.

Binamu alipoondoka, Shangazi aliuliza, “Umeipa nguvu kiasi gani?”

“Yote!” mpwa alisema kwa sauti, karibu na sikio lake. “Hakuna zaidi ya hapo, Shangazi.”

Shangazi akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. “Ndiyo kosa lenyewe. Cherehani inanitetemesha kutwa nzima. Simu ikinguruma mfululizo, nadhani ni cherehani. Mimi hushtuka mashine ikikosea. Uzi ukinasa, inakwama, inaruka, inakwama tena. Hapo hata nikisinzia naamka.”

Mpwa aliona haya, akafungua kompyuta juu ya rundo la vitambaa. Safari hii aliandika mtetemo wa kukwama na kuruka: sitini, kimya, mia mbili, kimya kirefu kidogo, sitini mara mbili. Mara kumi na moja alibadilisha namba, na mara kumi Shangazi akatikisa kichwa, mteja mgumu kweli kweli. Ya kumi na moja akaruka kitini.

“Hiyo! Hapo uzi umenasa!”

Kesho yake kengele ilibonyezwa mara moja tu. Cherehani ikanyamaza papo hapo. Shangazi aliinama kukagua sindano, akaukuta uzi mzima, akaangua kicheko na kwenda kufungua mlango. Mpwa, aliyekuwa kitini akijifanya anasoma, alishusha pumzi.

Mlangoni alisimama mwana wa Shangazi. Alimtazama mama, akaitazama aproni, kisha akatoa kwapani shati lililochanika bega.

“Mama,” alisema, akilitamka kila neno polepole ili alisome midomoni, “nimekuletea kazi.”